Mama Tumboni mwa Nyangumi

Juzi nilikwenda Msambweni kumtazama shoga yangu aliyejifungua. Karibu na kwake pana kiwanja ambapo mafundi huziba mashua za faiba, na nilipokuwa nikipita, fundi mmoja alikuwa anapaka ile gundi yake nzito juu ya kitambaa. Upepo ukaniletea harufu yake usoni. Ni harufu kali ya kuwasha pua, kama rangi ya kucha iliyomwagika katika chumba kilichofungwa madirisha, na wapita njia wengi hujifunika kwa leso na kuharakisha. Mimi nilisimama palepale na kapu langu la sabuni na nguo za mtoto, nikaivuta, nikaivuta tena, mpaka fundi akaniuliza kwa adabu kama natafuta mtu. Nilimwambia napita tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemwona mama yangu, si huyu aliyeko nyumbani sasa hivi akipepeta mchele, bali yule wa zamani aliyekuwa akirudi jioni akinuka vivyo hivyo.

Ikiwa wewe ni wa rika langu na ulikulia upande wa Ukunda na Diani, umeshajua nazungumzia wapi. Tulipaita Kwa Nyangumi. Jina lake la rasmi lilikuwa refu, la Kizungu, na liliandikwa kwenye bango barabarani, lakini sikumbuki kumsikia mtu yeyote akilitamka. Palikuwa na pembea za kuzunguka, gari moshi dogo lililopita katikati ya mivinje, vikombe vikubwa vya rangi rangi ambavyo watu walikaa ndani yake vikawazungusha, na kidimbwi cha maji ya buluu. Ndani ya kidimbwi alikaa nyangumi. Alikuwa wa faiba, mkubwa kuliko nyumba yetu na ya jirani ukiziunganisha. Watoto walipanda ngazi ubavuni mwake, wakaingia katika tundu la mgongoni, wakateleza kooni na kutokea mdomoni, chubwi, majini.

Tena alikuwa akisema. Hilo ndilo lililowaleta watu kutoka mbali. Nyangumi aliwakaribisha wageni, aliwauliza wametoka wapi, aliwatania walioogopa kuteleza, na akishafurahi sana alirusha maji juu kupitia tundu jingine la kichwani, yakawanyeshea waliokaa kwenye viti.

Aliyekuwa akisema ni mama yangu. Jina lake Mejumaa, na kabla ya hapo alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya ufuoni. Kwa Nyangumi alikwenda kuajiriwa kufagia, lakini siku ya ufunguzi yule aliyetakiwa kuwa sauti hakutokea, msimamizi akawa anazunguka akiuliza nani anaweza kusema neno kwa wageni. Mama aliweka ufagio chini. Alijua Kijerumani na Kiitaliano cha kule hotelini, alijua kumwamkia Mduruma kwa Kiduruma na Mkamba kwa Kikamba, na juu ya yote hakuwa na haya. Alipewa kipaza sauti, akaingizwa katika kijumba kilichokuwa ndani ya tumbo la yule samaki, na hakurudia ufagio tena.

Hayo yote niliyajua nilipokwisha kuwa mkubwa. Wakati huo nilikuwa mtoto mdogo wa chuo cha Kurani, na nilichokijua ni kile nilichokisikia. Kila asubuhi Mama alijifunga buibui lake, akamwambia nyanya yangu, mamake, kwamba haya, anakwenda kuingia tumboni. Nyanya alimjibu kwamba Mwenyezi Mungu atamtoa salama. Jioni alirudi amechoka, nguo zimemganda kwa jasho, ananuka dawa ya maji na ile harufu ya gundi ya faiba, na Nyanya alimuuliza kama nyangumi amemwachilia mapema leo. Wao walikuwa wanataniana. Mimi niliyachukua maneno hayo kama yalivyo.

Ilikuwa msimu huohuo ambapo maalim wetu alitusimulia kisa cha nabii aliyemezwa na samaki mkubwa, akakaa gizani tumboni mwake, na hakutoka ila kwa dua. Wenzangu walisikia kisa cha zamani. Mimi nilisikia habari za nyumbani kwetu. Nilinyoosha mkono nikamuuliza maalim kama mtu anaweza kumezwa kila siku akatemwa kila siku. Alifikiri kidogo, akasema kwa Mungu hakuna lisilowezekana, kisha akatufundisha ile dua. Niliihifadhi upesi kuliko kitu chochote nilichowahi kuhifadhi. Kila alasiri, jua likianza kulainika, nilikaa nyuma ya nyumba karibu na banda la kuku nikaisoma, na kila jioni Mama alirudi. Sikuwa na sababu ya kutilia shaka kwamba ni kazi yangu.

Pakaja siku moja ambapo wafanyakazi waliruhusiwa kuleta watoto wao. Nyanya alinivika gauni langu la manjano, tukaenda. Nilipomwona nyangumi mwenyewe nilijificha nyuma ya Nyanya. Meno yake yalikuwa meupe, kila moja kama mto wa kulalia, na watoto walikuwa wakitoka mdomoni mwake wakipiga kelele. Nyanya alinisukuma mbele polepole. Hapo nyangumi alikuwa akizungumza kwa sauti yake nzito ya kukwaruza, akimtania baba mmoja mnene, kisha ghafla ile sauti nzito ikapotea, ikatoka sauti ninayoijua kuliko zote duniani.

"Wewe mwenye gauni la manjano, viatu vyako viko wapi?"

Nilikuwa nimevuliwa viatu langoni na Nyanya ili visilowe, lakini sikungoja kujibu. Nilikimbia hadi ukingoni, nikaingia majini na gauni langu, nikalishika jino moja la chini kwa mikono miwili na kulivuta. Niliita Mama, nikamwambia ajikaze, naja. Watu walicheka na kupiga makofi, wakidhani ni mchezo uliopangwa. Kisha nikahisi mikono ikininyanyua kwa nyuma. Ni Mama, ametokea upande wa mkia, jasho linamtiririka, kitambaa cha kichwa kimemwendea upande. Alinikumbatia nikiwa nimelowa vile, akaniambia nisilie, alikuwa tumboni tu, sasa ameshatoka. Alidhani ananitoa hofu. Kwangu mimi ulikuwa ushahidi kamili.

Tangu hapo sikuomba tu atoke jioni. Niliomba asirudi tena tumboni kabisa.

Na mambo yakaanza kuitika. Wageni walipungua. Hoteli fulani za ufuoni zilifunga milango, nyingine zikabaki na taa za mbele tu. Kwa Nyangumi gari moshi dogo ndilo lililosimama kwanza, likaegeshwa chini ya mivinje majani yakalifunika. Halafu vikombe vikawa havizunguki. Chumvi ya bahari ilikula chuma cha pembea mpaka rangi ikawa inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Mama alianza kurudi mapema, bado na nguvu zake, na ile harufu ikawa inafifia. Jioni moja, tukila, alisema kwamba siku nzima hakuna aliyekuja, amezungumza na kunguru. Nyanya alimwambia pole. Mimi niliinama juu ya sahani kuficha furaha yangu.

Siku palipofungwa kabisa, Mama alirudi jua likiwa katikati, na kwapani feni ndogo aliyokuwa akiitumia mle kijumbani. Alisema pamekwisha. Tajiri mwenye mahali amekwenda zake, maji yametolewa kidimbwini, kila mtu ameambiwa ashike njia. Niliruka ruka uani nikishangilia hadi Nyanya akaniita ndani na kunikalisha kitako. Hakunipiga wala kunigombeza. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwacha wapi mjukuu wake wa kawaida.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori, maisha yake yalikuwa kwenye barabara ya kwenda bara, tukimwona kwa nadra. Kwa hiyo Mama aliweka karai mbele ya nyumba akaanza kuuza viazi. Viazi vyenyewe vilikuwa vizuri, lakini biashara haikwenda, na sababu niliiona hata mimi mtoto. Yeye aliyekuwa akizungumza kutwa nzima na watu asiowajua, sasa alimfungia mtu viazi bila kumuuliza hali yake. Wateja wa kwetu hawapendi hivyo. Mtu anataka aulizwe za nyumbani, za wazee, za mtoto aliyekuwa na homa. Mama aliangalia mafuta yakichemka. Nyumbani vilevile, ulimuuliza jambo akajibu neno moja, na mara nyingine hata hilo neno alilisahau njiani.

Nilivumilia, nikidhani ni uchovu wa kumezwa. Mwishowe nilishindwa. Alasiri moja nilikaa karibu naye penye karai nikamuuliza kama bado anaumwa pale aliposhikwa na meno. Hakunielewa. Basi nikamweleza yote: kisa cha maalim, dua, banda la kuku, na kwamba asihuzunike tena kwa sababu ni mimi niliyemwombea na hatarudishwa tumboni.

Mama aliweka mwiko chini. Mdomo ukaanza kumcheza, kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akamwita Nyanya aje asikie, na Nyanya alipokuja hakuweza kumsimulia kwa kucheka, ikabidi nisimulie mimi upya. Nyanya naye akakaa chini kwenye kizingiti. Viazi viliungua. Nilijua nimekosea mahali, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kitamu, nilikuwa sijakisikia tangu feni ile ilipoingia nyumbani. Kilipokwisha, Mama alinivuta karibu akanifuta uso kwa ncha ya leso, ingawa uso wangu haukuwa na kitu.

"Sikumezwa, mwanangu," alisema. "Niliingia kwa miguu yangu mwenyewe, na kila asubuhi nilikuwa na hamu ya kuingia."

Kisha akanyamaza tena, na unyamavu huu ulikuwa mbaya kuliko ule wa kwanza kwa sababu sasa nilijua una maana gani.

Kwa Nyangumi palikuwa na mlinzi aliyeachwa kuchunga mali. Alikuwa Mzee Mutua, Mkamba wa kutoka Mackinnon Road, mrefu, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata wakati wa joto. Kila alasiri alikuja kununua viazi kwetu na kuomba pilipili nyingi. Nilimfuata siku moja nikamwamkia shikamoo, nikamwomba anionyeshe ndani ya nyangumi. Aliniuliza nataka kuona nini. Nilisema nataka kuona Mama alikokuwa akikaa. Aliitafuna ile habari pamoja na kiazi chake, akasema nikamuage nyanyangu kwanza.

Kidimbwi kilikuwa kikavu, kimejaa majani na maganda ya matunda ya mwitu. Mbega walikuwa wamekaa juu ya pembea, mikia yao myeupe ikining'inia kama mapazia, wakatutazama kama sisi ndio wageni wao. Mzee Mutua alinipeleka upande wa mkia na kufungua mlango mdogo ambao sikuwahi kuuona. Niliingia nikiwa nimefumba macho nusu, nikitarajia matumbo.

Palikuwa na kiti. Kilikuwa na mto ulioshonwa kwa kipande cha leso ya nyumbani kwetu, leso niliyoijua maua yake. Palikuwa na msumari ambao Mama alitundikia buibui, kioo kidogo, na mkebe wa biskuti uliobaki makombo. Ukutani, mahali pa jicho la nyangumi, palikuwa na kidirisha cha kioo cheusi. Nilipanda juu ya kiti nikachungulia. Kutoka hapo uliona kila kitu: ngazi, ukingo wa maji, viti vya wazazi, njia yote mpaka langoni. Hakuna mtoto ambaye angeingia pale bila Mama kumwona, na hakuna ambaye angemwona yeye.

Mzee Mutua, aliyekuwa ameinama mlangoni kwa urefu wake, alisema, "Mama yako alikuwa anacheka humu ndani mpaka hii kitu yote inatetemeka."

Nilisema, "Kweli?" Lile neno likanirudia kubwa, kubwa sana, kama limesemwa na mtu mzima. Tulitazamana. Nikasema jina langu, nalo likazunguka tumbo zima na kutoka kwa mdomo wa nyangumi. Mbega mmoja aliruka kutoka kwenye pembea. Hapakuwa na umeme wala kipaza sauti, lakini lile tumbo la faiba lenyewe lilikuwa ngoma.

Wazo lilianzia pale. Idi ilikuwa inakaribia, na watoto wa mtaani hawakuwa na pa kwenda, maana zamani sikukuu zote walikwenda Kwa Nyangumi, angalau kuchungulia kwenye uzio. Nilimweleza Mzee Mutua kwamba tuwalete, na Mama aseme nao tena. Alivua kofia yake, akajikuna, akaivaa tena. Alisema tajiri akisikia kuna watu ndani, yeye ndiye atakayefukuzwa, na kazi nyingine hana. Nilidhani limekwisha. Lakini alipokuwa akifunga ule mlango wa mkia alisema, polepole, kama anajieleza mwenyewe, "Mimi niliambiwa nichunge watu wasiibe. Watoto kucheka si wizi."

Nyanya ndiye aliyeshughulikia lililobaki. Siku ya pili ya Idi alipakua pilau kwenye sinia ndogo, akaifunika kwa kawa, akamwambia Mama ampelekee yule mlinzi wa watu, yuko peke yake na kwao ni mbali. Mama hakutaka kwenda. Tangu pafungwe hakuwahi kupita hata kwenye ile njia. Lakini pilau la Idi halikataliwi kupelekwa, akajifunga buibui akaenda, nami nyuma yake nikiwa na bilauri ya sharubati.

Langoni alisimama. Watoto wote wa mtaa wetu walikuwa wamekaa kuuzunguka ukingo wa kidimbwi kikavu, kanzu nyeupe na magauni ya kumeta, nywele zimepakwa mafuta, mama zao nyuma yao. Mama aligeuka akanitazama na nikaona amekasirika kweli. Alimkabidhi Mzee Mutua sinia. Nilidhani atarudi nyumbani. Badala yake alizunguka upande wa mkia, mlango ukafunguka, ukafungwa.

Tulingoja. Mtoto mmoja alianza kulia kwa kuchoka. Upepo uliyasogeza majani chini ya kidevu cha nyangumi, na mama mmoja akainuka akapangusa gauni lake kama anayetaka kuondoka.

"Nani ameniamsha?" nyangumi akauliza.

Siwezi kuieleza kelele iliyofuata. Watoto waliinuka kama kuku waliotupiwa mtama. Nyangumi alikohoa, akalalamika kwamba amelala kwa njaa, akauliza kama kuna aliyemwekea pilau au wamekula lote. Alimuuliza kila mtoto jina lake na la mama yake, na wale aliowajua, ambao walikuwa karibu wote, aliwatajia mambo yao ya siri: nani anaogopa majogoo, nani alificha daftari lake juu ya paa. Kisha akageukia wakubwa. Alimuuliza bwana wa Mackinnon Road kama ameshakula au bado anaogopa kupaliwa na nyama. Mzee Mutua alivua kofia yake mbele ya yule samaki, akajibu kwamba asante sana, nyama ilikuwa laini.

Maji hayakuwapo ya kurusha. Lakini Mzee Mutua alikuwa na ndoo yake ya maji kando. Alipanda ngazi, akajilaza juu ya kichwa cha nyangumi, na Mama aliposema kwamba pua inamwasha, akaimwaga yote hewani. Nguo za Idi zililowa. Mama zao walilalamika kwa mdomo huku wanacheka kwa macho, na watoto walipiga kelele wakitaka amwage tena. Nami nilikaa ukingoni nikiwa na bilauri tupu, nikijua jambo ambalo wenzangu hawakulijua, kwamba ndani mle pana kiti chenye mto wa leso na aliyekikalia yuko radhi.

Alipotoka sauti ilikuwa imemkauka. Tulikwenda nyumbani, na mlangoni alinishika kichwa akakitikisa kidogo, basi. Kesho yake mteja wa kwanza wa viazi alikaa karibu saa nzima akihojiwa habari za ukoo wake.

Habari ya siku ile ilizunguka. Mwalimu mmoja alimwita Mama aongoze sherehe ya kufunga shule, halafu akaitwa kwenye arusi ya wanawake kule Tiwi, halafu Kikoneni, na muda si muda karai lilipewa Nyanya, naye Mama akawa mshereheshaji. Tajiri hakusikia lolote, au alisikia akanyamaza. Mzee Mutua alilinda pale miaka mingi, akatuletea asali ya kwao kila alipotoka likizo, hadi alipozeeka akarudi Mackinnon Road kwa wajukuu wake.

Kwa Nyangumi penyewe palizidi kuchakaa. Bango lilianguka, mwitu ukaingia, gari moshi likatoweka kipande baada ya kipande. Mwendesha bodaboda ambaye hakuwa amezaliwa wakati ule bado atakuuliza unashukia Nyangumi au mbele, na ukimuuliza nyangumi gani, hajui.

Mwaka huu ndipo tuliposikia kwamba pamepata watu wapya. Wengine walisema watapajenga upya, wengine wakasema watapagawanya viwanja vya nyumba, na mpaka leo sina hakika yupi amesema kweli. Lakini uzio mpya umewekwa na mwitu umefyekwa. Kisha msichana mmoja alikuja nyumbani kumtafuta Mama. Jina lake Kerubo, mzaliwa wa bara, anayesimamia kazi pale, na alikuwa ameambiwa na kila aliyemuuliza kwamba akitaka kujua habari za mahali pale amwone Bi Mejumaa. Tukaenda naye.

Kerubo alituonyesha kila kona huku akizungumza mbio mbio, Kiswahili chake kimechanganyika na maneno ya mjini. Walikuwa wameshaanza kumkwangua nyangumi rangi ya zamani. "Mathe, hii nyangumi iko sawa kabisa, ni rangi tu," alisema.

Mama alimwekea mkono begani. "Si hii, mwanangu. Huyu."

Kerubo alicheka, akarudia, "Huyu nyangumi," na kwa muda wote uliobaki alijirekebisha mwenyewe kila alipoteleza. Alimuuliza Mama mambo mengi: maji yalitoka wapi, wageni walipenda nini, na kama wakifanikiwa angekubali kuwafundisha vijana kusema na watu. Mama alisema akiwa hai, watamkuta nyumbani. Hakuahidi zaidi ya hapo, na Kerubo naye hakuahidi kitu. Alikiri kwamba fedha za kumalizia kazi bado zinatafutwa na huenda zisipatikane.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimetengenezwa. Ni vile vikombe vya kuzunguka. Fundi alikuwa amebadilisha mota na alitaka watu wakae ndani aone kama vinabeba uzito. Nilimwambia Mama tusogee, tuwapishe vijana. Yeye alibaki anavitazama, mkoba wake ameukumbatia.

Nikamuuliza kama zamani alikuwa akivipenda. Akaniambia hajui, hajawahi kupanda. Nilidhani sikusikia vizuri. Miaka yote ile, akasema, wakati watu wanacheza yeye alikuwa kazini, na alipotoka kazini vitu vyote vilikuwa vimeshazimwa. Aliona kila pembea ikizunguka kupitia kile kidirisha, akawaambia watu wa nchi sijui ngapi washikilie vizuri, na mwenyewe hajui ikizunguka mtu anasikiaje.

Fundi alisikia. Alifungua kijilango cha kikombe cha rangi ya waridi na kunyoosha mkono. Mama alivua viatu akaviweka pembeni, kama anaingia nyumbani kwa mtu, akapanda. Nilipanda nyuma yake. Tulikaa tumebanana, mama mtu mzima na binti mtu mzima, magoti yetu yakigongana, buibui lake likinifunika nusu. Mota iliguna, kikombe kikashtuka, kikaanza polepole.

Kwanza alishika ukingo kwa mikono miwili na kufumba macho. Kisha mivinje ikaanza kupita, na uzio, na Kerubo akiwa ameinua simu yake kupiga picha, na mivinje tena, na Mama akafumbua jicho moja, halafu la pili. Mtandio ulimvuka ukaning'inia shingoni, mvi zake zote nje, hakuujali. Alianza kucheka, si kile kicheko cha kuwachekesha watu ninachokijua kwenye arusi, bali kidogo kidogo, cha mtu anayetekenywa.

Kikombe kilipopunguza mwendo, fundi alituuliza kwa sauti kama tumetosheka. Mama alivuta mtandio akaurudisha kichwani, akajiweka sawa kwenye kiti, akamwambia asizime, ndiyo kwanza anaanza.